Si Kila Kisicho na Miguu ni Nyoka

(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Handeni na Korogwe. Maneno yaliyosomwa redioni yamepigwa chapa hapa ili yapate kusomwa tena darasani.)

   Mwalimu wa darasa, tafadhali chaki yako iwe karibu, maana leo tuna maneno machache ya kuandika ubaoni. Na ninyi wanafunzi, fungueni ukurasa mpya katika madaftari yenu.

Nitaanza shambani. Mtu analima. Jembe limepindua bonge la udongo, na chini yake chatoka kitu chembamba, cha kahawia au cheusi, king'aacho kana kwamba kimepakwa mafuta. Hakina miguu. Chajipinda huku na huku, chatafuta mahali pa kujificha. Je, mtu huyu atafanya nini? Jibu mnalijua nyote. Atainua jembe mara ya pili.

Leo nataka tukitazame kitu kile kabla jembe halijashuka. Chaweza kuwa mjusi. Ndiyo, mjusi, ijapokuwa hana miguu. Chaweza kuwa ndumilakuwili, nyoka mdogo asiyedhuru mtu. Chaweza kuwa nyoka wa ardhini mwenye sumu, na huyo si wa kuchezewa. Tena chaweza kuwa mnyama ambaye jina lake halijapata kuandikwa katika kitabu chochote duniani. Msidhani kuwa hili la mwisho ni hadithi ya kuwachekesha. Limetokea nchini kwetu, na mwaka wake nitawatajia.

(Kituo kidogo. Mwalimu aandike ubaoni: MJUSI. GAMBA, MAGAMBA. MCHANGA. AINA MPYA. Wanafunzi wasome kwa sauti mara mbili.)

Haya, tuendelee. Tuanze na mijusi tunaowajua. Katika nyumba zetu yuko mjusi kafiri, yule atembeaye ukutani usiku akikamata wadudu karibu na taa. Ngozi yake ni laini kama ngozi ya mtoto mchanga, na vidole vyake hunata. Lakini yuko mjusi mwingine, aotaye jua asubuhi juu ya gogo, juu ya jiwe, au kwenye kibaraza. Huyo magamba yake yamelaliana kama vigae vya paa, na yameshikana vizuri hata mwili wote unang'aa. Ukimkaribia, chwii, ameingia majanini. Leo tunazungumza habari za jamaa zake huyu wa pili, mwenye mwili wa kung'aa.

Jamaa zake ni wengi mno. Duniani kote zimehesabiwa aina zaidi ya 1,600 za mijusi wa namna hiyo. Wengine wana miguu minne yenye nguvu. Wengine miguu yao imekuwa midogo hata haiwafai sana kwa kutembea. Na wengine hawana mguu hata mmoja.

Ninyi mlioko Korogwe, kila asubuhi mnaiona milima ya Usambara mbele yenu. Huko juu, chini ya majani yaliyooza na magogo yaliyoanguka, anaishi mjusi mmoja mdogo mwenye miguu mifupi sana, kila mguu una vidole vitano. Mjerumani mmoja, Gustav Tornier, alimwandika katika kitabu mwaka 1902. Ukimtazama akienda, waona kwamba mwili ndio unaofanya kazi, na ile miguu inafuata tu. Huyu ni kama mtu aliye katikati ya safari. Jamaa zake wengine wamekwisha fika mwisho wa safari hiyo, na miguu wameiacha kabisa.

Kwa nini mnyama aache miguu? Fikirini mtu apitaye katika kichaka cha miiba. Akipanua mikono, atakwama. Akiibana mikono ubavuni, atapenya. Basi ndivyo ilivyo kwa mnyama anayeishi ndani ya udongo au mchanga. Mguu unaochomoza pembeni humzuia. Vizazi kwa vizazi, kwa muda wa maelfu na maelfu ya miaka, wale waliozaliwa na miguu mifupi zaidi walipenya vizuri zaidi, walipata chakula, waliokoka na adui, wakazaa. Mwisho miguu ikatoweka.

Jambo hili limechunguzwa kwa njia ya ajabu. Katika majangwa ya Sahara na Arabuni kuna mjusi mmoja ambaye watu humwita samaki wa mchanga. Yeye miguu anayo. Ukimtisha, hupiga mbizi mchangani kufumba na kufumbua, kama samaki aingiapo majini, nawe hubaki unatazama mchanga mtupu. Watu wengi walidhani kuwa anachimba kwa miguu yake. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kimoja katika mji wa Atlanta, Marekani, wakiongozwa na Daniel Goldman, walimpiga picha kwa eksirei, mashine ile ile itumikayo hospitali kutazama mifupa. Wakamwona akiwa ndani kabisa. Kumbe! Akisha kuingia, huibana miguu yote minne ubavuni, asiitumie hata kidogo. Anakwenda kwa kuuzungusha mwili kama wimbi, kushoto na kulia. Yaani huyu bado ana miguu, lakini chini ya mchanga hujifanya hana.

Sasa turudi kwetu. Hapa Afrika ya Mashariki hatuna Sahara, lakini pwani yetu ina mchanga mwingi, na misitu mingi ya pwani imeota juu ya mchanga. Humo ndani mna ukoo mmoja wa mijusi wasio na miguu. Wataalamu wameupa jina la Scolecoseps. Msiogope neno hilo, ni la Kiyunani. Sehemu ya kwanza maana yake ni mnyoo, na ya pili ni jina la kale la mjusi. Basi ni kama kusema mjusi-mnyoo, na kwa kweli jina lamfaa. Hafiki urefu wa rula ya shule, unene wake ni kama penseli, na macho yake ni madogo sana. Huishi mchangani chini ya majani makavu.

Ukoo huu una aina nne zilizoandikwa. Nataka mwone zimeandikwa lini.

Aina ya kwanza iliandikwa mwaka 1913, nayo ilitoka Dar es Salaam. Wakati ule nchi yetu bara ilitawaliwa na Wajerumani, na wanyama wengi wa hapa walipelekwa katika makumbusho ya Ulaya wakiwa ndani ya chupa. Aliyemwandika alikuwa Franz Werner, mtu wa Austria.

Aina ya pili ilipatikana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kijana mmoja, Arthur Loveridge, mzaliwa wa Penarth huko Wales, alikuja Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi katika makumbusho. Vita ilipoanza akawa askari. Lakini alikuwa mtu wa namna ya pekee. Wenzake walipopumzika, yeye aligeuza mawe na magogo kutafuta mijusi na nyoka. Katika sehemu ya Lumbo, bara inayokielekea Kisiwa cha Msumbiji, alimpata mjusi-mnyoo. Mwaka 1920 alimtangaza katika chapa, na ndiye aliyeutungia ukoo wote jina lake. Baadaye Loveridge alifanya kazi miaka mingi katika makumbusho ya chuo cha Harvard, Marekani, naye alirudi mara kadhaa kuchunguza wanyama wa milima yetu, pamoja na Usambara na Uluguru.

Kisha kimya. Mwaka 1920 ukapita, wa 1940 ukapita, wa 1961 tukapata uhuru, na ukoo ule ulikuwa na aina mbili tu zenye majina.

Aina ya tatu ilitangazwa mwaka 1995. Huyu ni wetu wa Lindi. Alitoka katika msitu wa Litipo, karibu na Rutamba, nao ni msitu mdogo tu. Aliyemwandika ni Donald Broadley, mtaalamu wa nyoka na mijusi, aliyefanya kazi miaka mingi katika makumbusho ya Bulawayo, Zimbabwe. Alimpa jina la Scolecoseps litipoensis, maana yake mjusi-mnyoo wa Litipo. Basi msitu ambao hata Lindi kwenyewe wapo wasioujua, sasa jina lake limo katika vitabu vya elimu ya wanyama duniani kote, kwa ajili ya mjusi wa unene wa penseli.

Aina ya nne ilitangazwa mwaka 2018, kutoka pwani ya kaskazini mashariki ya Msumbiji. Broadley alikuwa amefariki mwaka 2016, na wenzake wakampa mjusi huyo jina lake: Scolecoseps broadleyi.

Hesabuni nami. Toka 1913 hadi 2018 ni miaka 105. Katika miaka yote hiyo, aina nne. Si kwa sababu mijusi hawa walikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Wako chini ya nyayo za watu. Lakini mnyama aishiye mchangani haonekani mpaka mtu apindue mchanga, na apinduaye mchanga kwa kawaida anatafuta muhogo.

(Kituo kidogo. Mwalimu aandike ubaoni: 1913, 1920, 1995, 2018. Wanafunzi watoe hesabu: toka mwaka 1920 hadi 1995 ni miaka mingapi?)

Natumaini mmepata 75. Vema.

Hapa mzee mmoja ataniuliza, na swali lake ni la haki: "Mwanangu, wasema mjusi huyu ni mpya. Mpya vipi? Mababu zetu walimwona. Ameumbwa juzi?" La, mzee wangu, hakuumbwa juzi. Watu wa Rutamba wamelima pale miaka mingi, na bila shaka wengi wamempindua kwa jembe. Wataalamu wasemapo aina mpya, maana yao ni kwamba mnyama huyo ameandikwa kwa mara ya kwanza kwa kanuni, akatofautishwa na wenzake wote wanaojulikana. Upya uko katika maandishi. Mimi binafsi naona neno hili "mpya" si zuri sana, kwa sababu linawafanya watu wa mahali pale waonekane kama hawakuwa na macho. Lakini ndilo linalotumika, na tukisha jua maana yake halitudhuru.

Je, kuandika kwenyewe kunafanywaje? Si kazi ya siku moja. Kwanza mnyama hupatikana. Katika misitu ya pwani, mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa kigeni walizunguka sana wakiandika viumbe vilivyomo. Njia moja itumikayo ni ya ndoo. Ndoo hufukiwa ardhini hata mdomo wake uwe sawasawa na udongo, na ukuta mdogo wa karatasi ya nailoni hujengwa kuelekea kwenye ndoo. Mnyama mdogo akitembea usiku hukutana na ukuta, huufuata, na mwisho hutumbukia. Asubuhi wataalamu hupita kutazama. Njia nyingine ni ile ile ya Loveridge, kugeuza magogo.

Kisha mnyama hutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Magamba yake huhesabiwa: mangapi yanauzunguka mwili katikati, mangapi toka kidevu mpaka mwanzo wa mkia, mangapi yanazunguka mdomo, na kila moja la kichwani limegusana na lipi. Mtaalamu wa mijusi huhesabu magamba kama karani ahesabuvyo fedha za watu. Huyapima na mwili na mkia. Halafu hupeleka hesabu hizo kwa wanyama wengine wa ukoo ule walio katika makumbusho, kama Dar es Salaam ya mwaka 1913 na Lumbo ya mwaka 1920, aone kama zinalingana. Siku hizi huongeza na kipimo cha vinasaba, ile asili iliyomo mwilini ambayo mtoto huirithi kwa wazazi wake.

Ikiwa hakulingana na yeyote, mtaalamu hutunga jina. Jina lina sehemu mbili, kama jina la mtu na la ukoo, ila ukoo hutangulia. Desturi hii ilienezwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, na kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya wanyama wote. Maelezo hupigwa chapa ili yeyote ayasome na kuyapinga akiweza. Na mnyama mmoja huchaguliwa kuwa kielelezo. Huwekwa ndani ya chupa ya spiriti katika makumbusho, na karatasi yenye mahali alipotoka na tarehe. Miaka 100 baadaye mtu akibisha, chupa ile ndiyo hati yake.

Iko na njia nyingine ya kupata aina mpya, bila hata kumkamata mnyama asiyejulikana. Pengine wanyama walikuwa wamekwisha pewa jina moja, kisha uchunguzi waonyesha kuwa ni wengi waliofanana kwa sura. Mwaka 2022 wataalamu wanne, mmojawapo Mtanzania, John Lyakurwa, walitangaza kwa pamoja aina sita mpya za kinyonga wadogo, wale wa rangi ya jani kavu, kutoka milima yetu ya mashariki. Milima hiyo ni kamba ndefu iliyokatikakatika: Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Uluguru, hata Udzungwa. Wazigua mnaijua Nguu. Zamani ilikuwa upande wa Handeni, na siku hizi imo katika wilaya ya Kilindi. Kila mlima ni kama kisiwa chenye ubaridi na mvua, na katikati ni nyika yenye joto. Kinyonga wa msituni hawezi kuvuka nyika, basi kila kisiwa hulea wake.

Na Tanga mjini nako kuna habari. Mwaka ule ule 1995 aliandikwa mjusi mdogo anayekwea miti mchana, wa karibu na Tanga. Mfaransa Georges Pasteur alimwita Lygodactylus kimhowelli, kwa heshima ya Kim Howell, mwalimu aliyefundisha elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi.

Sasa narudi kwenye jembe letu, kwa sababu hapa pana jambo la uhai na la afya, na sitaki mtu atoke darasani akiwa amesikia nusu.

Kitu kile chembamba kilichotoka udongoni, utajuaje ni nani? Ndumilakuwili mnamjua kwa jina. Lugha yetu imempa jina hilo kwa kuwa watu walidhani ana vichwa viwili, kimoja huku na kimoja kule, na kwa ajili hiyo tukalichukua jina lake kumwita mtu wa maneno mawili. Kwa kweli ana kichwa kimoja. Mkia wake ni mfupi butu, na macho yake ni nukta mbili chini ya magamba, basi kwa haraka huwezi kutofautisha mbele na nyuma. Anakula mchwa, siafu na mayai yao. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Mkulima anayemuua amemuua kibarua wake wa bure.

Mjusi asiye na miguu hutofautiana naye kwa mkia. Mkia wa mjusi kwa kawaida ni mrefu zaidi, tena hukatika kwa urahisi akishikwa, ukabaki unarukaruka peke yake, naye akaenda zake kuotesha mwingine. Nyoka hafanyi hivyo. Mijusi wengi tena wana kope, hufumba na kufumbua macho. Nyoka hana kope, hukutumbulia macho hata akilala. Naye mjusi huyu hadhuru mtu. Huko Usambara wamo hata viumbe vya jamii ya chura, virefu, visivyo na miguu, vyenye ngozi ya utelezi na pete pete kama nyungunyungu mkubwa. Hivyo navyo huuawa kwa kudhaniwa nyoka, navyo ni jamaa za chura tu.

Lakini yuko wa nne. Huyu ni nyoka mweusi, au wa kahawia iliyoiva, anang'aa, ana macho madogo sana, na mkia wake mfupi huishia kwa ncha ndogo. Urefu wake mara nyingi ni kama mkono wa mtu toka begani. Hutoka usiku baada ya mvua. Kwa sura anafanana na ndumilakuwili, na ndiyo hatari yake. Meno yake ya sumu ni marefu mno, naye anaweza kulichomoza moja pembeni ya mdomo bila kuufungua, akachoma kwa kurusha kichwa kando. Nyoka wengine ukiwashika nyuma ya kichwa hawawezi kukufikia. Huyu anakufikia. Hakuna namna ya kumshika ambayo ni salama. Akiguswa huikunja shingo na kuielekeza pua chini, watu wakadhani anaona haya. Sumu yake huleta maumivu makali na uvimbe, na nyama ya kidole huweza kuoza. Wako waliopoteza vidole kwa kumshika wakisema, "Huyu mdogo hana neno."

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Nimesema mjusi hana madhara na ndumilakuwili hana madhara, lakini sikusema mwaokote kwa mikono. Mtu asiyezoea hawezi kuwatofautisha kwa mara moja, na hata wataalamu hukosea usiku. Kisicho na miguu kikitoka udongoni, rudi hatua mbili. Kiache kiende. Kama kiko mahali pa watoto, kisukume kwa jembe au ufagio mrefu mpaka pembeni. Watoto waambiwe hivyo hivyo, wala wasiambiwe kuua, maana anayekimbilia kuua ndiye anayekaribia, na miguu yake huwa mitupu.

Mtu akiumwa, vua pete na bangili upesi kabla mkono haujavimba. Mtulize, asitembee ikiwezekana, kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Msichanje kwa wembe. Msinyonye damu. Msifunge kamba kwa nguvu. Mpelekeni hospitali moja kwa moja, mchana au usiku. Msipoteze saa kumtafuta nyoka. Kumbukeni tu rangi yake na urefu wake, mkamwambie daktari.

(Kituo. Mwalimu asome tena sehemu hii polepole. Wanafunzi wawili waeleze kwa maneno yao wenyewe mtu aliyeumwa hufanyiwa nini.)

Limebaki neno moja juu ya mjusi wa Litipo. Mnyama wa mchangani hawezi kuhama. Ndege msitu ukikatwa huruka. Ngedere hukimbia. Mjusi asiye na miguu, aliyezoea kivuli na majani yaliyooza juu ya mchanga, msitu ukifyekwa na majani yakachomwa, jua huupiga mchanga ukawa kama kikaango, na mchwa alao hutoweka. Hana pa kwenda. Misitu ya pwani ya namna ya Litipo imebaki vipande vipande, na kila kipande chatafutiwa mkaa, mbao na shamba. Siwaambii watu wasilime, watu lazima wale. Lakini kuchoma moto majani ya pembeni mwa msitu, ambako hapalimwi chochote, sijaona bado faida yake kwa mkulima.

Na ikiwa ninyi wa Handeni au Korogwe mtakuta mjusi msiyemjua, amekufa njiani au amekatwa na jembe, msimtupe. Mtieni katika chupa ya spiriti ya dukani, kwa kijiti wala si kwa mkono. Mwandike karatasi kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka katika spiriti. Andikeni kijiji, tarehe, na mahali alipokutwa: shambani, mtoni, chini ya gogo. Mpelekeni kwa mwalimu wa sekondari au ofisi ya maliasili ya wilaya. Aliye hai mwacheni, tena msimuuze kwa mtu apitaye akinunua mijusi. Kukamata na kuuza wanyama pori bila kibali ni kosa la sheria.

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja amfikiri mnyama mdogo wa ardhini anayemjua tangu utotoni. Aandike jina lake kwa lugha ya nyumbani, Kizigua, Kisambaa, Kibondei au nyingine yoyote. Chini ya jina aandike mambo matatu: rangi yake, chakula chake, na mahali anapoishi. Asiyeweza bado kuandika sentensi nzima aandike maneno matatu tu, na jirani yake amsaidie. Kisha daftari zizungushwe, kila mtu asome ya mwenzake, aone kama kwa maelezo yale peke yake angeweza kumtambua mnyama yule. Asipoweza, amwulize mwandishi ni jambo gani limekosekana, na mwandishi aliongeze.

Mwalimu, sasa waweza kuizima redio.